Huchaguliwa kwa makofi, huulizwa kwa hesabu

*Bodi za vyama vya wanawake wanataaluma hazilipi mshahara, lakini zinabeba dhamana nzito. Nani anamudu kuzitumikia, na nani anazilipia?*

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ukumbi mdogo wa ofisi ya chama umeshaandaliwa: makabrasha mezani, chupa za maji kando yake, chai na sambusa zimefunikwa pembeni. Inafika saa nne kasorobo, na mwenyekiti bado anahesabu vichwa. Mjumbe mmoja yuko msibani, mwingine kasafiri kikazi, wa tatu anasema yuko njiani lakini njia yenyewe ni foleni ya Mwenge. Akidi haijatimia.

Mkurugenzi mtendaji ana jambo lisiloweza kusubiri, nalo ni malipo yaliyozidi bajeti. Linahamishiwa kwenye kundi la WhatsApp. Jioni ujumbe unaingia: "Naomba idhini ya wajumbe." Majibu yanarudi moja moja: "sawa", "naunga mkono", na vidole gumba vinne vya njano. Miezi kadhaa baadaye mkaguzi wa hesabu anauliza swali fupi: kikao gani kiliidhinisha malipo haya, na muhtasari wake uko wapi?

Hiki si kisa cha chama kimoja. Aliyewahi kukaa kwenye bodi ya chama cha wanasheria, madaktari, wanahabari au wahasibu wanawake, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ataitambua picha hiyo bila kuoneshwa mara mbili. Mjumbe wa bodi ya namna hii halipwi mshahara. Ana kazi yake inayomlisha, ana nyumba inayomsubiri, na juu ya hayo amekabidhiwa dhamana ya fedha, watumishi na jina la chama.

Vyama vyenyewe si vidogo tena. Vina miradi mikoani, mikataba na wafadhili, na wateja wanaokuja wakiwa wamefukuzwa nyumbani au wamepokonywa shamba. Hata hivyo, namna ya kuwapata wasimamizi wake mara nyingi imebaki ile ya siku ya kwanza: jina linapendekezwa, linaungwa mkono, makofi yanapigwa.

Kizazi cha Nairobi 1985

Ili kuelewa kwa nini bodi hizi ziko hivi zilivyo, inabidi kurudi Julai 1985, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Mwaka huohuo wanasheria wanawake wa Kenya walianzisha FIDA Kenya, tawi la shirikisho la kimataifa la wanasheria wanawake lililoasisiwa Mexico mwaka 1944. Wenzao wa Uganda walikuwa wamewatangulia kwa kuanzisha FIDA yao mwaka 1974.

Tanzania haikukaa mbali. Mwaka 1987 wanahabari, akiwamo Fatma Alloo, waliunda Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA. Jarida lao waliliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Madaktari wanawake nao waliunda MEWATA mwaka huohuo wa 1987. Miaka miwili baadaye wanasheria wanawake wakaanzisha TAWLA.

Wakati huo nchi ilikuwa bado chini ya chama kimoja. Sauti ya wanawake iliyotambulika rasmi ilikuwa ya UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, CCM. Kuanzisha chama cha kitaaluma nje ya mwavuli huo kulihitaji moyo, na waliothubutu walikuwa wachache waliofahamiana vizuri. Walikutana baada ya saa za kazi, wakachangishana, wakaandika barua usiku. Mtu aliyekuwa mwenyekiti asubuhi ndiye aliyekuwa karani mchana na mweka hazina jioni.

Matunda yake yanaonekana hadi leo. Vyama hivyo vilikuwa miongoni mwa waliopigania Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na sauti zao zilisikika wakati wa kuandaa sheria za ardhi za mwaka 1999, ambazo zilimtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Bodi hizo pia zimekuwa shule ya uongozi. Martha Koome, aliyeapishwa Mei 2021 kuwa Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke nchini Kenya, aliwahi kuwa katika uongozi wa FIDA Kenya. Jaji Eusebia Munuo wa Tanzania alitoka katika chama cha majaji wanawake nchini mwake, TAWJA, hadi kuongoza chama cha kimataifa cha majaji wanawake, kilichofanya mkutano wake Arusha mwaka 2014.

Somo la BAWATA

Historia hiyo ina ukurasa mwingine ambao wajumbe wa bodi hawapaswi kuuruka. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 chini ya uenyekiti wa Profesa Anna Tibaijuka. Lilikusudia kuwaunganisha wanawake bila kujali vyama vyao vya siasa, nchi ilipokuwa inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi.

Mwaka 1996 shughuli zake zilisimamishwa na mwaka 1997 likafutiwa usajili. Viongozi wake walikwenda mahakamani. Uamuzi wa Mahakama Kuu ulitoka mwaka 2009, ukisema ufutaji ule ulikiuka Katiba. Walishinda, lakini miaka 12 ilikuwa imepita na Baraza lilikuwa limekwisha kupoteza nguvu zake.

> Msajili anapobisha hodi, anayetakiwa kufungua mlango ni mjumbe wa bodi, awe alihudhuria kikao au hakuhudhuria.

Tangu hapo sheria zimeongezeka. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali mwaka 2002. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka mashirika yatangaze vyanzo na matumizi ya fedha zao, na mikataba inayozidi Sh20 milioni iwasilishwe Hazina na kwa Msajili. Marekebisho ya mwaka 2019 yakaweka ukomo wa miaka 10 wa cheti cha usajili, baada ya hapo shirika linaomba upya. Kenya nayo ilianza kutumia sheria yake ya mashirika ya manufaa ya umma Mei 14, 2024, zaidi ya miaka 11 baada ya kutungwa.

Kila mabadiliko ya namna hiyo ni kazi mpya kwa bodi. Katiba ya chama ipitiwe, taarifa ya mwaka iende kwa wakati, hesabu zikaguliwe. Uzembe wa mwaka mmoja unaweza kukiweka chama mashakani, hata kama kinawahudumia watu vizuri kiasi gani.

Salio nono, mfuko mtupu

Kwa hiyo kazi yenyewe ni ipi? Wengi wanaoingia bodini hudhani ni kuhudhuria uzinduzi, kukaa meza kuu na kumkaribisha mgeni rasmi. Hayo yapo, lakini kazi iko kwenye kurasa za katikati za kabrasha, zile za majedwali.

Tuchukue mfano. Taarifa ya benki inaonesha chama kina Sh310 milioni. Mjumbe mgeni anapumua: tuko vizuri. Mjumbe anayeijua kazi yake anauliza swali linalofuata: kati ya hizo, ngapi ni zetu?

Inabainika kuwa Sh290 milioni ni za mradi wa msaada wa kisheria. Zimefungwa: haziruhusiwi kununua hata rimu ya karatasi nje ya bajeti aliyoisaini mfadhili. Zinazobaki kwa chama ni Sh20 milioni, zilizotokana na ada za wanachama na kodi ya ukumbi. Pango la ofisi, ulinzi, umeme na mishahara ya watumishi wasiobebwa na mradi wowote vinakula Sh9 milioni kila mwezi. Chama hicho chenye mamia ya milioni benki kina uhai wa miezi miwili na siku chache.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. "Tukope kidogo kwenye mradi, tutarudisha ada zikiingia." Ada haziingii, mfadhili anatuma wakaguzi, na kinachoitwa mkopo kinaandikwa kwenye ripoti kwa jina jingine kabisa: matumizi yasiyoruhusiwa. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vyama hivi daftari lipo, ila wa kulisoma ndio wachache.

Eneo jingine la hatari ni saini. Katika chama ambacho wajumbe wa bodi ndio watia saini wa benki, na mmoja wao anasafiri mara kwa mara, huzuka mazoea ya kusaini hundi kadhaa mapema zikiwa wazi ili shughuli zisikwame. Hufanywa kwa nia njema. Lakini anayesaini hundi isiyo na jina wala kiasi amekabidhi dhamana yake kwa mtu mwingine, na siku likitokea la kutokea hana cha kujitetea.

Undugu wa taaluma

Chama cha wanataaluma kina mtego wake wa kipekee: wajumbe, watumishi na wahudumiwa wote wanatoka mtaa mmoja wa kazi. Mwenyekiti wa bodi ya wanasheria huenda ana ofisi ya uwakili inayopokea kesi zinazotoka kwenye kliniki ya chama. Mjumbe wa bodi ya wanahabari huenda ni mhariri katika chombo ambacho chama kinataka kukikosoa kwa jinsi kinavyoshughulikia malalamiko ya rushwa ya ngono. Daktari huenda ameombwa kuidhinisha zabuni ya vifaa ambayo rafiki yake wa chuo ameiomba.

Dawa yake inajulikana: kutangaza maslahi mwanzoni mwa kikao, kutoka nje hoja inapojadiliwa, na jambo hilo kuandikwa kwenye muhtasari. Ugumu uko kwenye adabu yetu. Ni nani atakayemwambia dada aliyemfundisha kazi, "Mama Mwenyekiti, kwa hoja hii naomba utupishe"? Mara nyingi wajumbe hutazamana, na mambo yanakwenda kwa mtindo wa funika kombe mwanaharamu apite.

Tatizo jingine ni mpaka kati ya bodi na menejimenti. Wapo wajumbe wanaompigia simu mhasibu moja kwa moja, wanaoagiza gari la mradi, au wanaopeleka wasifu wa ndugu yao kwa mkurugenzi. Kwa upande wa pili, wapo wakurugenzi wanaotuma kabrasha la kurasa 80 usiku wa kuamkia kikao, wakijua hakuna atakayefika ukurasa wa 30. Wa kwanza anaingilia asichopaswa kukigusa, wa pili anaficha anachopaswa kukionesha.

Posho: ndiyo au hapana?

Hoja inayowagawa wanachama kuliko nyingine zote ni fedha ya mjumbe mwenyewe.

Upande mmoja unashikilia kuwa kujitolea ndiyo roho ya vyama hivi. Waasisi hawakulipwa. Kila shilingi ya posho ya kikao, wanasema, imetoka mahali, na mara nyingi imetoka kwa mwanamke aliyekuja kutafuta msaada. Wanakumbusha pia kwamba vikao vinapolipa, vikao huzaana: kamati inazaa kamati ndogo, ajenda ya saa mbili inagawanywa siku mbili.

Upande wa pili unajibu kwa hesabu. Mjumbe anayetoka Mbeya au Mtwara kuja Dar es Salaam anahitaji nauli, mahali pa kulala na ruhusa ya mwajiri. Mwenye mtoto mchanga anahitaji wa kumwachia. Wakili wa kujitegemea anayefunga ofisi siku nzima hana anayemfidia. Chama kisipogharimia hayo, bodi itajazwa na wanaomudu: wakazi wa jijini, wenye magari, wenye vyeo, ambao watoto wao wameshakua.

> Bodi isiyorudisha nauli haijawazuia wenye tamaa. Imewazuia wasio na magari.

Pande zote mbili zina ukweli, lakini zimekuwa zikibishana juu ya mambo mawili kana kwamba ni jambo moja. Kurudisha gharama si kulipa mshahara. Nauli kwa tiketi, malazi kwa risiti, na fedha ya kumlipa msaidizi wa mtoto kwa kiwango kilichoandikwa ni gharama za kuendesha usimamizi, sawa na ada ya mkaguzi. Posho ya kukaa tu kwenye kiti ni kitu kingine, na chama kinachojiita cha kujitolea kinapaswa kuikataa au kuitangaza wazi mbele ya mkutano mkuu.

Vikao vya mtandaoni vimepunguza sehemu ya mzigo huo. Mjumbe wa Kigoma anaweza kushiriki akiwa ofisini kwake. Lakini kikao cha mtandaoni kinahitaji taratibu zilezile: taarifa ya mapema, akidi, na muhtasari uliosainiwa. Vidole gumba vya WhatsApp havitoshi mpaka katiba ya chama iseme vinatosha, na iseme vinathibitishwaje.

Waasisi na wenye kishikwambi

Mvutano wa pili ni wa vizazi. Katiba za vyama huweka mihula, lakini kuna njia nyingi za kutoka bila kuondoka. Mwenyekiti anamaliza muda, anakuwa mjumbe wa kamati ya ushauri. Mjumbe wa ushauri anakuwa mdhamini. Mdhamini anaalikwa kwenye kikao na, kwa heshima, anapewa neno la kwanza na la mwisho.

Waasisi wanajitetea, na utetezi wao si wa kubeza. Wanajua ahadi ipi ilitolewa kwa mfadhili yupi, ni waziri gani alikuwa rafiki wa hoja na kwa nini kesi fulani haikufunguliwa. Waliona chama kikitikiswa, wakakishikilia. Wanaogopa kumkabidhi mtu atakayekiona kama ngazi ya kupandia kwenda kwingine.

Wanachama vijana wanalalamika kuwa wanaitwa kupiga picha na kuendesha mitandao ya kijamii, si kusoma bajeti. Wengi wao hawana ajira ya kudumu, kwa hiyo ada ya uanachama tu ni mtihani. Wakifika kikaoni na kishikwambi mkononi, swali lao la kwanza kuhusu mifumo ya hesabu linachukuliwa kuwa utovu wa nidhamu.

Kuna njia ya kati inayoheshimu pande zote: kubadilisha theluthi ya wajumbe kila uchaguzi badala ya bodi nzima, ili anayeingia amkute anayejua. Nafasi moja au mbili zikitengwa kwa wasio wanachama, kwa mfano mhasibu kwenye bodi ya wanasheria, chama hakipotezi sura yake. Kinapata tu jicho ambalo taaluma yake yenyewe haikulifundisha.

Mfadhili alipofunga mkono

Mijadala hii ingeweza kuendelea kwa miaka mingi bila madhara makubwa kama si mwaka 2025. Januari 20 mwaka huo Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 shirika la USAID lilikuwa limefungwa, na kilichosalia kikahamishiwa wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo.

Hata chama ambacho hakikupokea dola moja ya Marekani kiliguswa, kwa kuwa mashirika yaliyopoteza fedha hizo yaligeukia milango ileile michache iliyobaki. Mfadhili wa Ulaya aliyekuwa anapokea maombi machache alianza kupokea rundo.

Katika hali hiyo, bodi iliyozoea kugonga muhuri haina msaada. Maswali yanayokuja ni magumu: mradi upi ufungwe, nani apunguzwe kazi, na stahiki zake zilipwe kutoka wapi? Je, jengo lipangishwe? Je, ada ipandishwe kwa wanachama ambao hata ya sasa hawailipi? Mkurugenzi hapaswi kuyajibu peke yake, na hatakiwi kuachiwa.

Anayelipa kosa la bodi si mjumbe kwanza. Ni mjane wa Morogoro aliyeambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo akakuta kufuli. Ni mwandishi wa habari kijana aliyelalamika kuhusu bosi wake, na faili lake likabaki kwenye kabati la ofisi iliyohama. Huduma hizi zilijengwa kwa miaka 30 na zaidi, nazo zinaweza kusimama ndani ya robo moja ya mwaka wa fedha.

Kabla ya kusema ndiyo

Kwa mwanamke anayefuatwa na wenzake na kuambiwa "tumekuona unatufaa", heshima ni kubwa na kishawishi cha kukubali palepale pia ni kikubwa. Ajipe siku chache, na aombe karatasi nne: katiba ya chama, hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita pamoja na barua ya mkaguzi kwa menejimenti, mihtasari ya vikao vya bodi vya mwaka mmoja, na uthibitisho kwamba taarifa ya mwaka imefika kwa Msajili.

Barua ya mkaguzi ndiyo muhimu kuliko zote. Hati ya ukaguzi inaweza kuwa safi huku barua ikitaja udhaifu uleule mwaka hadi mwaka. Karatasi hizo zikikosekana, au zikipigwa danadana, jibu limeshapatikana.

Chama nacho kina la kumuuliza kabla ya makofi. Ataweza kuhudhuria vikao vinne kwa mwaka? Ana maslahi gani yanayoweza kugongana na kazi ya chama? Yuko tayari jina lake na idadi ya vikao alivyohudhuria visomwe mbele ya wanachama kila mwaka? Asiyeyataka hayo bado anaweza kukisaidia chama, kwa kufundisha, kutetea kesi au kuchangia. Bodi si mahali pake.

Lipo pia badiliko moja ambalo halihitaji mfadhili wala semina. Mkutano mkuu unapoanza na uchaguzi, nguvu zote huishia hapo. Kura zikishahesabiwa wanachama wanapongezana, wengine wanawahi usafiri, na taarifa ya fedha inasomwa kwa viti vitupu kisha kupitishwa kwa sauti moja. Ajenda igeuzwe: hesabu zisomwe kwanza, wanaomaliza muda wazijibie ukumbi ukiwa umejaa, na kura zipigwe baada ya hapo.